Gorogoro Moja ya Kunde

Niliondoka Kinango, katika pwani ya Kenya, mwezi wa Septemba 2025 nikiwa na nia moja tu, kwenda Makueni kununua mbegu. Ukame wa misimu mitano mfululizo, ulioanza na vuli ya 2020, ulitufikisha mahali pa kupika hata kunde tulizokuwa tumeziweka akiba ya kupanda. Tangu hapo mama yangu hupanda mahindi ya pakiti kutoka dukani, ambayo ukihifadhi punje zake na kuzipanda tena hazizai kama mara ya kwanza, hivyo kila msimu huna budi kurudi dukani na fedha mkononi.

Kuhusu basi la kutoka Mariakani hadi Emali sina la kueleza. Matatu ya kwenda mji wa Wote ndiyo iliyoniudhi, kwa kuwa nauli ilipandishwa tukiwa tumekwisha kuketi, eti ni siku ya soko, na baada ya Kathonzweni mwendeshaji wa bodaboda alinitoza shilingi 600 kwa safari ambayo wenyeji, kama nilivyokuja kujua baadaye, hulipa 200. Isitoshe, alinishusha ukingoni mwa mto mkavu, akasema pikipiki haiwezi kuvuka mchanga ule, akageuza na kwenda zake.

Nilivuka kwa miguu saa saba mchana, mchanga ukinizamisha hadi vifundoni, na chupa yangu ya maji ilikuwa tupu tangu Wote. Katikati ya mto nilimkuta mwanamke mzee akifukua mchanga kwa kibuyu kilichokatwa. Shimo lilikuwa halijafikia kina cha mkono wangu, nayo maji yalikuwa yakijikusanya humo, maangavu na baridi. Alinipa nikanywa kabla hata ya kuniuliza nimetoka wapi. Watu wote pale walimwita susu, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo hivyo.

Hatua chache chini yetu palikuwa na ukuta wa mawe na saruji uliojengwa juu ya mwamba kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Mvua inaponyesha, mto huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki ndani ya mchanga huo, pengine hadi asilimia 40 ya ujazo wake, mahali ambapo jua haliyafikii wala mbu hawapati pa kuzalia. Susu alinieleza kwamba mawe waliyabeba wenyewe kwa mwethya, ule utaratibu wa Wakamba wa kufanya kazi kwa zamu za pamoja, ambao ndio pia uliochimba matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, kwenye miteremko yote niliyoiona siku ile. Kwa kuwa mawe yalibebwa na kikundi, ni kikundi kinachoamua nani anyweshe mifugo wapi na nani alime sukuma wiki karibu na ukingo.

Jioni alinipeleka kwenye chumba cha mbegu. Palikuwa na mtama, mawele, mbaazi, pojo ambazo wao huziita ndengu, na kunde za rangi nne, zote zikiwa zimechanganywa na majivu na kufungiwa ndani ya vibuyu na madebe. Nilitoa noti ya elfu moja nikaomba kunde nyekundu.

"Hatuuzi, mwanangu," akasema. "Tunakopesha. Ukichukua gorogoro moja, unarudisha mbili."

Nilijitetea kwamba natoka mbali, na kwamba nauli ya kurudi ingezidi thamani ya kunde zenyewe mara nyingi. Akanijibu kwamba fedha yangu haioti, na kwamba aliyenunua hana sababu ya kurudi kusema mbegu imezaaje katika udongo mwingine. Wanakikundi waliitwa, wakajadiliana kwa Kikamba karibu saa nzima huku nimekaa nje juu ya kinu. Sikuwahi kukopeshwa na watu wasionijua. Mwishowe jina langu liliandikwa daftarini, chini ya majina ya wakopaji wa kijijini, na nikapimiwa gorogoro yangu.

Wakati ule sheria ya mbegu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, ilitishia faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka miwili, kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa. Niliifikiria sheria hiyo usiku kucha. Ibara ya 11 ya Katiba yetu inalitaka Bunge lilinde umiliki wa mbegu za asili, ilhali susu, ambaye amezilinda maisha yake yote, angeweza kushtakiwa kwa kunipa gorogoro moja. Mnamo Novemba, nikiwa nimesharudi nyumbani, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Nilimweleza mama yangu habari hiyo shambani, akaacha jembe na kuketi.

Nyumbani, kitu nilichokitazama kwa macho mapya ni uchaga ulio juu ya meko. Zamani nyanya yangu alipanga hapo mahindi na maganda ya kunde yapate moshi, na wadudu hawakuyasogelea. Mimi nilizoea kuuona ukihifadhi sufuria kuukuu. Tuliusafisha. Nasi pia tulikuwa na namna yetu ya kulima kwa zamu, na majirani watatu niliowasimulia habari za mwethya waliikumbuka vizuri kuliko nilivyotarajia.

Vuli ya 2025 ilikuwa haba mno. Mahindi ya pakiti yalinyauka kabla ya kubeba. Kunde za susu zilitoa gorogoro tatu kasoro kidogo. Mama alipima mbili za kwanza, akazichanganya na majivu, akazipandisha uchagani, kisha ndipo akauliza nauli ya Emali sasa ni kiasi gani.