Mama na Mkaa wa Hopewell

Mama alipokuja kunitembelea Pennsylvania, wiki ya pili tu maduka yalikwisha mchosha. "Nipeleke nikaone kitu cha maana," akasema. Jumamosi tukaenda Hopewell Furnace, kijiji cha wayeyusha chuma kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1938. Nilidhani atapenda jumba la tajiri mwenye tanuri. Hakumaliza dakika mbili mle ndani.

Gurudumu la maji lilimvutia kidogo. Ndilo lililokuwa likisukuma hewa kwenye tanuri. Mhifadhi, kijana mwenye kofia pana, akatueleza kuwa Mark Bird alianzisha mahali hapo 1771, kwamba palisubiwa mizinga ya vita vya uhuru wa Marekani, baadaye majiko ya kupasha nyumba joto, mpaka 1883 moto ukazimwa kwa kushindwa na viwanda vipya vya makaa ya mawe. Mimi natafsiri, Mama anaitikia "ehee" huku anatazama kwingine.

Tukafika kwenye mkaa.

Magogo yamesimamishwa duara, yamefunikwa majani na udongo, kando kibanda cha mchomaji, kidogo hata kuku wangelalamika. Mama akasimama kimya. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa anachoma mkaa Handeni nilipokuwa mdogo.

"Muulize, walikuwa wanapanda juu?"

Nikauliza. Kijana akatabasamu: ndiyo, mchomaji alipanda akarukaruka juu ya tanuri la mkaa, asikie wapi pamelegea, apazibe kabla moto haujatoboa nje. Karibu wiki mbili hivyo, usiku na mchana.

"Baba yako mguu ulizama," Mama akasema. "Lile kovu."

"Si alianguka na pikipiki?"

"Pikipiki ya nani? Msitu ule haukuwa na kibali, mwanangu. Mngekwenda kusema shuleni."

Miaka thelathini na kitu nimesimulia watu habari za pikipiki ile. Nilikuwa hata na rangi yake, nyekundu.

Kijana alikuwa bado anasubiri tafsiri. Nikamwambia baba yangu naye alikuwa anapanda juu. Akavua kofia, sijui kwa heshima au kwa joto.

Mama alikwisha inama. Aliokota kipande cha mkaa, akakigonga kwa ukucha karibu na sikio, kikalia kama kigae.

"Umeiva," akasema, akakirudisha palepale alipokitoa.