Mlimani Walikozaliwa Mbwa wa Saint Bernard

Kutoka Martigny, kusini magharibi mwa Uswisi, nilipanda treni ndogo hadi Orsières, kisha basi la kupanda kipito cha Great St Bernard, njia ya kuvuka milima ya Alps kwenda Italia. Basi hilo hufika kileleni majira ya kiangazi tu, maana theluji huifunga barabara sehemu kubwa ya mwaka. Tangu handaki la kupita chini ya mlima lilipofunguliwa mwaka 1964 magari mengi hupita chini kwa chini, na anayepanda huku juu huwa na shida yake maalumu. Mimi shida yangu ilikuwa mbwa.

Kileleni, mita 2,469 juu ya bahari, nyumba ya watawa imesimama kando ya ziwa dogo, hatua chache kutoka mpaka wa Italia. Bernard wa Aosta aliianzisha karibu mwaka 1050, na wasafiri wanapokewa humo hadi leo. Ilikuwa Julai, upepo ukapenya koti langu, na mabaka ya theluji bado yalikuwa yameng'ang'ania miamba. Nikaelewa kwa nini watu walikufa hapa.

Mbwa wakubwa waliletwa kutoka mabondeni katika karne ya 17, kwanza wakiwa walinzi. Picha ya zamani inayowaonyesha ni ya mwaka 1695, na maandishi ya watawa yanamtaja mbwa mwaka 1707, aliyefunikwa na maporomoko ya theluji. Kazi ya uokoaji iliwajia kidogo kidogo. Walipotoka na waongozaji wa wasafiri, mbwa walitangulia wakipasua theluji kwa vifua vyao, wakaitambua njia hata ukungu ulipoifuta kabisa, na pua zao zikanusa mtu aliyefukiwa. Hakuna mfugaji aliyekaa chini akapanga haya. Mlima ndio uliochagua: mwenye kifua, pua na utulivu ndiye aliyefaa. Napoleon alipovusha jeshi lake la watu karibu 40,000 hapa Mei 1800, mbwa hawa walikuwa wenyeji tayari.

Mwaka huohuo alizaliwa mbwa aitwaye Barry, anayesifiwa kwa kuokoa watu zaidi ya 40. Hadithi kwamba aliuawa na askari aliyemdhania mbwa mwitu si ya kweli. Alipochoka, mwaka 1812, alipelekwa Bern, akafa kwa uzee mwaka 1814.

Nilimfuata huko. Katika jumba la makumbusho ya viumbe la Bern amesimama ndani ya kioo, na nilikaa mbele yake muda mrefu. Ni mdogo! Akiwa hai alikuwa na kilo 40 na kitu, manyoya mafupi, mwepesi wa miguu. Saint Bernard wa leo hupita kilo 70 bila shida. Tena hata kichwa ninachokitazama si chake kamili: mwaka 1923 ngozi yake ilipoundwa upya, kichwa kilibadilishwa kifanane na mbwa wa siku zile. Hilo liliniuma. Na kipipa cha pombe kinachoning'inizwa shingoni mwa mbwa hawa kila mahali kilienezwa na picha ya mchoraji Mwingereza Edwin Landseer, ya mwaka 1820, watawa hawakukitumia.

Ukubwa wenyewe ulikuja baadaye. Karibu mwaka 1830, baada ya kupoteza mbwa wengi, watawa waliwachanganya na mbwa wa Newfoundland. Walipata watoto wenye manyoya marefu, lakini barafu ilishikamana nayo na kuwaelemea, wakawapeleka mabondeni. Huko chini walipendwa mno. Heinrich Schumacher wa Holligen, karibu na Bern, aliwafuga kwa uangalifu kuanzia miaka ya 1850. Daftari la ukoo wa mbwa hawa likafunguliwa mwaka 1884, na sifa rasmi zikakubaliwa Zurich mwaka 1887. Kwa maoni yangu, hapo ndipo macho ya watazamaji wa maonyesho yalipoanza kumchagulia mbwa umbo, wala si theluji tena, na viungo vyake vimelipia uzito huo.

Nikarudi Martigny kuwaona walio hai. Wakfu wa Barry ulichukua ufugaji kutoka kwa watawa mwaka 2005. Mbwa hukaa bondeni majira ya baridi na kupandishwa mlimani kiangazi. Uokoaji siku hizi ni wa helikopta. Wao huwatembelea wazee na wagonjwa, na nilipomwona mmoja akilaza kichwa kizito kwenye mapaja ya bibi aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu, akatulia hivyohivyo bila kuambiwa, niliuona ule utulivu ambao mlima uliuchagua.