Yule dada wa tepu wala hakuuliza boksi lina kilo ngapi

Siku ya kwanza alivyokuja tukajua katumwa na bosi kutafuta wavivu. Dada mmoja kavaa reflekta, tepu ya kupimia kiunoni, simu kaifunga kwenye stendi ya miguu mitatu, kasimama kwenye kona yetu ya kupakulia mizigo masaa mawili hasemi kitu. Na sisi kwa kuigiza hatujambo, ghafla kila mtu anainua boksi kwa magoti kama lile bango la ukutani linavyosema, mgongo umenyooka utadhani tuko kwenye gwaride. Baadaye ndo akatuambia hizo dakika za mwanzo huwa hazihesabu kabisa, anasubiri watu wachoke kuigiza. Kwetu haikufika hata nusu saa.

Kumbe ni mtaalamu wa egonomia, na kazi yake ni kuangalia kazi inaufanyia nini mwili kabla mwili haujaanza kulalamika, au kwa sisi, baada ya kuwa umeshalalamika sana.

Baada ya kurekodi akatuita mmoja mmoja pembeni. Akanipa karatasi yenye mchoro wa mtu kwa nyuma, mwili umegawanywa sehemu 9, shingo, mabega, viwiko, vifundo vya mikono na kuendelea mpaka miguuni. Maswali yenyewe mepesi, ndani ya miezi 12 iliyopita umewahi kusikia maumivu hapa, na siku 7 zilizopita je, na iliwahi kukuzuia kufanya kazi. Hiyo karatasi ilitokea nchi za kaskazini mwa Ulaya mwaka 1987, bado inatumika mpaka leo. Mi niliweka alama kiunoni na bega la kulia. Kuna mzee wetu mmoja hajawahi kuomba ruhusa hata siku moja, yeye akaweka alama sehemu 6. Sita! Na hakuna aliyekuwa anajua, hata supavaiza hakujua, maana rekodi za majeruhi zinaonyesha aliyeenda hospitali tu, anayevumilia haonekani popote.

Kwa wale wa meza ya kubandika lebo alitumia njia inaitwa RULA, ilitoka chuo kikuu cha Nottingham, Uingereza, mwaka 1993. Anasimamisha video pale mkao ulipo mbaya zaidi au pale mtu anapokaa hivyo muda mrefu, anasoma pembe, mkono umeinuka nyuzi ngapi, shingo imeinama kiasi gani, kifundo kimepinda vipi, halafu anaingia kwenye jedwali anatoka na namba kati ya 1 na 7. Ukipata 1 au 2 uko sawa, 7 maana yake badilisha leo leo. Kilichonifurahisha ni kwamba mkao ukiganda zaidi ya dakika moja, au kitendo kikirudiwa mara 4 na zaidi kwa dakika, wanaongeza pointi, kwa hiyo hata mkao unaoonekana wa kawaida unaweza ukakuponza. Meza ya lebo ilipata 6. Na wale ndo tulikuwa tunawaonea wivu eti wamekaa tu.

Dereva wa fokolifti yeye aliwekewa kitu bapa cha mpira kwenye siti akakikalia zamu nzima, kinapima mtikisiko. Tulimcheka sana, hiyo niiache.

Sasa twende kwenye boksi. Mi nikamwambia, dada, haya maboksi mepesi tu, kilo 12, mtu mzima anashindwaje kilo 12? Akanijibu, kaka, hebu simama kama unavyosimama ukilichukua. Nikasimama. Akapima toka katikati ya vifundo vyangu vya miguu mpaka mikono inaposhika, sentimita 50, kwa sababu boksi liko upande wa pili wa paleti, lile jukwaa la mbao la kupangia mizigo, na mi nalifuata kwa kujinyoosha. Akapima toka sakafuni, 15. Toka hapo mpaka kwenye mkanda wa kusafirishia, 80 zaidi. Akaangalia najipinda kiasi gani, nyuzi 45. Mara ngapi? Mara 3 kwa dakika, zamu nzima.

Halafu akakaa chini na kalkuleta. Kuna hesabu ya NIOSH, ile taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, waliitoa 1981 wakairekebisha 1991. Inaanza na kilo 23, huo ndo mzigo wa juu kabisa kama kila kitu kiko sawa, boksi limegusa tumbo, liko usawa wa kiuno hivi, hujipindi, huinui mara kwa mara. Halafu kila kasoro inakata kipande chake. Ule umbali wa sentimita 50 peke yake ulikata nusu, zikabaki 11.5. Kuinama mpaka chini, 9.4. Safari ndefu ya kwenda juu, 8.3. Kujipinda, 7.1. Boksi halina pa kushika vizuri, 6.7. Na kurudia mara 3 kwa dakika siku nzima ikamaliza kila kitu, zikabaki kilo 3.7.

Yani pale nilipokuwa nimesimama mi nilistahili kuinua kilo 3.7, na nilikuwa nainua 12. Ukigawanya unapata 3.2. Inatakiwa isivuke 1. Nilibaki naiangalia ile karatasi, miaka yote najilaumu eti mgongo wangu mbovu.

Na hapo nina kisirani changu. Mwaka mmoja kabla kampuni ilitugawia mikanda ya kiuno, wakapiga na picha, tukafundishwa siku nzima jinsi ya kuinua kwa magoti. Hao hao NIOSH tangu 1994 walishasema hawapendekezi mikanda hiyo kwa mfanyakazi ambaye hajaumia. Na utainuaje kwa magoti kitu kilicho upande wa pili wa paleti? Magoti yenyewe yanagonga mbao! Yule dada hakusema vibaya juu ya mtu yeyote ila ripoti yake mafunzo aliyaweka chini kabisa, juu aliandika kitu kimoja, inueni paleti na iwe inazunguka.

Ikaletwa meza ya haidroliki yenye sahani inayozunguka, unakanyaga pedali inapanda, boksi unalizungusha linakuja lenyewe mbele yako. Akarudia hesabu: umbali 25, urefu 75, kujipinda hakuna. Boksi lile lile, kasi ile ile, ikatoka 0.95. Kilo hazikupungua hata moja.

Baada ya wiki tatu akarudi na stendi yake, kurekodi tena. Safari hii hakuna aliyeigiza. Alikaa kama saa moja hivi halafu akaja kwenye paleti ya mizigo inayorudishwa, ile tulikuwa tunaipanga juu ya hiyo hiyo meza mpya bila kuishusha, maana ni rahisi zaidi. Akavuta tepu toka sakafuni mpaka mikono inaposhika boksi la juu kabisa. Sentimita 178. Akaniambia urefu huo ukivuka 175 ile hesabu haitoi tena kilo, inatoa sifuri, hata boksi liwe tupu.

Boksi hilo nililipanga mimi.