Mulazmin, Upande wa Pili wa Ukuta

Dereva wa raksha, yaani bajaji, alinishusha mbele ya kuba, akapokea pauni zake, akatokomea na moshi wake. Kuba lilikuwepo kweli. Tatizo ni kwamba lilizungukwa na makaburi, safu kwa safu, na mbuzi wawili waliokuwa wakitafuna karatasi. Nilikuwa nimemwambia "gubba" tu, nikidhani Omdurman nzima, mji wa Sudan unaotazamana na Khartoum ng'ambo ya Nile, ina kuba moja. Kumbe nimeletwa kwa Sheikh Hamad al-Nil, ambako kila Ijumaa alasiri watu wa tarika ya Kadiria hukusanyika na ngoma zao, wakazunguka kwa dhikri mpaka jua lichwe. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Kuba nililolitaka mimi ni la Mahdi, na hasa mtaa ulio karibu nalo kuelekea mtoni, Mulazmin. Nikarudi kwa amjad, vile vigari ambavyo abiria hukaa magoti yakigusa kidevu, nikafika jua limeshakuwa kali ingawa ilikuwa Desemba. Mwaka ulikuwa 2016.

Niseme kwa nini nilikwenda. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mnubi wa Makina, Kibera, mahali ambapo wazee hupaita Kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Alizaliwa Nairobi, lakini ukimuuliza kwao ni wapi alijibu Sudan, tena kwa sauti ya mtu aliyetoka huko juzi. Usiku babu alikuwa akizungusha kitasa cha redio kwenye masafa mafupi mpaka mtu aseme "Huna Omdurman". Ni Kiarabu, maana yake "hapa ni Omdurman". Mimi mtoto nilisikia Kiswahili. Nilimwonea babu huruma, kila usiku anaambiwa huna, huna, na kesho yake anawasha tena. Redio hiyo ilianza kutangaza mwaka 1940, na jengo lake liko papo hapo Mulazmin.

Mwenyeji wangu, mama mmoja rafiki wa familia ambaye tangu mlangoni niliambiwa nimwite khala, yaani mama mdogo, alinipokea kwa jabana. Ni kahawa ya tangawizi, hutiwa kwenye vikombe visivyo na mikono vinavyotosha meno ya mbele tu. Kisha akaniangalia nguo zangu, akaenda chumbani na kurudi na toub, kitambaa cha mita nne na nusu, akanizungushia kama anayefunga mzigo. "Sasa unaonekana mtu," akasema.

Mtaa wenyewe una historia fupi na nzito. Muhammad Ahmad, aliyejitangaza kuwa Mahdi kisiwani Aba mwaka 1881, aliiteka Khartoum tarehe 26 Januari 1885. Hakumaliza hata nusu mwaka. Alifia upande huu wa mto mwezi Juni. Aliyemrithi, Khalifa Abdullahi, hakuitaka Khartoum, mji wa Waturuki waliotawala kabla ya Mahdi. Aliamuru watu wahame, na mbao na matofali ya mji ule yakavushwa kuja kujenga Omdurman. Karibu na nyumba yake aliwaweka walinzi wake, mulazimin, akawazungushia ukuta. Shina la neno hilo ni lilelile la lazima yetu. Mulazim ni mtu asiyebanduka, na hawa hawakubanduka kwa Khalifa usiku wala mchana.

Ukuta umebaki vipandevipande. Lango la Abdul Gayum bado limesimama, magari yakilipita kama mzee asiyeamkiwa. Ukingoni mwa Nile vipo vingome vya udongo vyenye matundu ya bunduki. Niliingiza mkono kwenye tundu moja, nikausukuma mpaka kwapani. Ndani udongo ulikuwa na ubaridi, na vipande vya majani makavu yaliyochanganywa nao vilinikwaruza ngozi. Nikachungulia kwa jicho moja. Tundu lilinionyesha maji na kipande cha kisiwa cha Tuti, basi. Aliyekaa hapa Septemba 1898 aliona meli za Kitchener, jemadari wa Waingereza na Wamisri, kupitia kipenyo kama hicho, na mizinga ya zile meli ilipiga mbali kuliko bunduki yake. Kuba la Mahdi lilitobolewa kwa makombora kabla vita havijaisha.

Pigano lenyewe lilikuwa Karari, kaskazini ya mji, tarehe 2 Septemba. Asubuhi moja tu. Watu wa Khalifa waliouawa walikuwa zaidi ya elfu kumi, wengi kwa bunduki za Maxim, na upande wa Kitchener walikufa 48. Halafu Kitchener akaagiza mifupa ya Mahdi ifukuliwe na itupwe mtoni. Kuba linaloonekana leo lilijengwa upya na mwanawe Mahdi, Sayyid Abdurrahman, mwaka 1947. Khala alinisimulia hayo akipepeta dengu, na alipofika kwenye mifupa akasimamisha ungo.

Nyumba ya Khalifa iko ng'ambo ya barabara tu kutoka kwenye kuba. Iligeuzwa makumbusho mwaka 1928. Nilitarajia jumba, nikakuta nyumba ya udongo yenye nyua ndani ya nyua, milango mifupi ya kukuinamisha, na chumba cha kuogea ambacho wageni wote hukikimbilia kwanza. Mimi kilichonishika ni jibba, vazi la wapiganaji, lenye viraka vya rangi. Mwanzoni viraka vilikuwa dalili ya ufukara wa kujitakia, nguo kuukuu iliyoshonwa-shonwa. Baadaye ikawa sare, na viraka vikakatwa kwa mpango, vikalingana kulia na kushoto. Nilisimama nikatazama mishono, midogo na iliyonyooka, ya fundi aliyelipwa kutengeneza umaskini.

Mzee aliyekuwa amekaa kivulini uani aliniuliza natoka wapi. Nikamwamkia, nikamwambia Kenya, lakini watu wa bibi yangu walitoka huku.

"Huku wapi?"

"Sudan, ammi. Babu wa bibi alikuwa askari wa serikali, kule jimbo la Ikweta, chini ya gavana Emin Pasha."

Akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Basi nyinyi ni watu wa Turkiyya!"

Turkiyya ni jina lao kwa utawala wa Waturuki na Wamisri, ule ambao Mahdi aliung'oa. Nilicheka naye, ila nilitoka pale kichwa kimejaa. Miaka yote nimeifikiria Omdurman kama kwetu, na hesabu iko wazi kabisa. Khartoum ilipoanguka, askari wa Emin walibaki wamekatika kule kusini, bila mshahara, bila barua, bila njia ya kurudi kaskazini. Stanley, yule msafiri wa Kizungu, alipokuja kumchukua Emin, wakatokea Bagamoyo Desemba 1889, askari wengi waliachwa. Mwaka 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwakuta na mkubwa wao Selim Bey karibu na Ziwa Albert, akawaingiza katika jeshi lake Uganda, na kutoka hapo ndipo zikatoka safari za kufika mpaka Kibera. Watu wangu hawakuwahi kuishi nyuma ya ukuta huu. Ukuta huu ndio uliowafungia mlango. (Wasomaji wa Pangani wana kisa chao: Wasudani ambao Mjerumani Wissmann aliwaajiri Cairo mwaka 1889 kuja kumpiga Abushiri. Hao sidhani kama wanakumbukwa kwa kahawa.) Na ili mambo yazidi kuchanganyika, hata Karari vikosi vya Wasudani vilikuwa upande wa Kitchener.

Nilimweleza khala jioni. Akanisikiliza, akasema, "Twende Maulidi."

Uwanja wa Khalifa, ambao zamani ulikuwa msikiti wake wa wazi, ndio Maulidi ya Omdurman inapofanyika. Kila tarika ina hema lake, bendera zake na vipaza sauti vyake, na zote zinasoma kwa wakati mmoja. Mtu aliyezoea Maulidi ya Lamu atajiona yuko nyumbani kwa robo saa, kisha masikio yatachoka. Upande mmoja zimepangwa meza za halua: farasi na wanasesere wa sukari ya waridi, na kashata za kila aina, fuliya ya njugu, simsimiya ya ufuta. Nilikuwa nimeshika simsimiya mkono mmoja na mkono mwingine nikizuia toub isianguke, nikashindwa yote mawili. Toub ilinidondoka mpaka magotini, nikaikanyaga, na simsimiya ikaingia mchangani. Mama wa watu nisiyemjua alinifunga upya bila hata kuacha mazungumzo yake na mwenziwe.

Kwenye kurudi, mbele ya nyumba moja ya Mulazmin, palikuwa na mitungi miwili ya udongo juu ya chuma cha kuiegemeza, na kikombe cha bati kimefungwa kwa mnyororo. Ni maji ya sabili kwa mpita njia yeyote. Mtungi ulikuwa unatoka jasho, na chini yake majani machache yameota kwa matone. Mtoto aliyekaa kizingitini akaniuliza, "Moya?"

Bibi alikuwa akisema moyo. Kwa Kinubi maji ni moyo, na sisi wajukuu tulikuwa tukimcheka akituma mtu jikoni amletee moyo kwenye glasi. Nilikunywa vikombe viwili. Maji yalikuwa na ladha ya udongo na baridi ya kuuma meno.

Vita vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, Omdurman ya kale iligeuka uwanja wa mapigano. Jengo la redio lilikaa mikononi mwa wanamgambo wa RSF mpaka jeshi lilipolichukua tena tarehe 12 Machi 2024. Khala alikuwa ameshakimbilia kaskazini, kwa ndugu. Baadaye jirani alikwenda kuangalia nyumba, na khala akanitumia ujumbe wa sauti akisimulia kwa utaratibu, kama anayehesabu vyombo baada ya harusi: mlango hakuna, jiko hakuna, mwarobaini upo. Nikamuuliza kuhusu ile mitungi ya nyumba ya pili. Akanyamaza kidogo. Mmoja umevunjika, akasema, na mwingine hajui, hakumuuliza jirani. Atamuuliza.