Kutengeneza jeli ya NIPAM katika joto la Dar es Salaam

Ukisoma makala za kisayansi kuhusu monoma (molekuli ndogo zinazoungana kuwa mnyororo mrefu uitwao polima) iitwayo NIPAM, utakuta nyingi zinasifu namba moja: 32. Polima inayotokana na monoma hii huyeyuka vizuri katika maji baridi, lakini maji yakivuka takriban nyuzi 32 za Selsiasi, minyororo yake hujikunja, hutema maji, na myeyusho uliokuwa angavu hugeuka mweupe papo hapo. Namba hiyo inapendwa kwa kuwa iko kati ya joto la chumba na joto la mwili wa binadamu. Ila chumba kinachozungumziwa ni cha nyuzi 20 hadi 25. Mimi nimefanya utafiti wangu wa uzamili Dar es Salaam, ambako mwezi Februari kipimajoto cha maabara husoma 31 saa nane mchana kama kiyoyozi hakifanyi kazi. Huku kwetu 32 ni hali ya hewa.

Naeleza nilivyotengeneza jeli ya polima hii kwa sababu najua mwanafunzi wa Mombasa, Tanga au Unguja akifuata maelekezo ya makala hizo neno kwa neno atapata jeli tofauti na iliyokusudiwa, na hakuna mahali atakapoelezwa kwa nini.

Kwa kirefu NIPAM ni N-isopropili-akrilamidi, fuwele nyeupe ambazo moli moja ina uzito wa gramu 113, zinazoyeyuka zikipashwa moto hadi nyuzi 60 na kitu. Tabia ya polima yake katika maji ilielezwa na wanakemia Heskins na Guillet mwaka 1968. Kila kipande cha mnyororo kina pande mbili: upande wa amidi unaopenda kushikamana na maji, na upande wa isopropili usioyapenda. Maji yakiwa baridi, molekuli zake hujipanga kwa utaratibu kuuzunguka huo upande usioyapenda, na polima hubaki imetanuka. Joto likipanda, utaratibu huo unakuwa mzigo kwa maji yenyewe. Yanaachana na mnyororo, nao unajikunja. Ukiwa umeifunga minyororo pamoja kwa kiunganishi, hupati myeyusho tena. Unapata haidrojeli, kipande kinachovimba kwenye baridi na kusinyaa kwenye joto, mara nyingi kadiri utakavyo.

Nilianza na usafi wa monoma. NIPAM inayouzwa huwekewa kizuizi ili isijipolimishe yenyewe ndani ya chupa, na kizuizi hicho hupunguza kasi ya kazi yako. Niliyeyusha fuwele kwenye kiyeyushi cha heksani vuguvugu ndani ya kabati la kufyonza hewa, nikachuja, kisha nikaacha chombo kwenye friza hadi fuwele mpya zikajitokeza, nikazikausha kwa pampu ya ombwe. Heksani hushika moto haraka mno, kwa hiyo nilipasha kwa maji ya moto tu, mbali na jiko la aina yoyote. Glavu hazikutoka mikononi. Monoma za jamii ya akrilamidi si za kuchezea. Polima iliyooshwa vizuri ni jambo jingine, lakini monoma yenyewe inadhuru.

Mchanganyiko wangu wa msingi ulikuwa gramu 1 ya NIPAM na miligramu 20 za kiunganishi cha methilini-bis-akrilamidi katika mililita 10 za maji yaliyochujwa na kuondolewa ayoni. Nilipitisha naitrojeni ndani ya myeyusho kwa nusu saa kufukuza oksijeni, kwa sababu oksijeni hunyakua radikali huru, yaani zile ncha tendaji zinazokuza mnyororo, na kuua mnyororo kabla haujakua. Mwisho niliweka amoniamu pasalfeti miligramu 10 kama kianzishi, na matone machache ya TEMED ya kuharakisha.

Sasa joto. Kabla sijachanganya chochote nilikaa na kalamu. Monoma za aina hii zinapoungana hutoa joto la takriban kilojuli 80 kwa kila moli. Kwenye lita moja ya mchanganyiko wangu kungekuwa na moli 0.88, yaani karibu kilojuli 70. Gawa kwa uwezo wa maji wa kubeba joto, unapata kwamba joto hilo likikosa pa kutokea, myeyusho hupanda zaidi ya nyuzi 15. Anayeanza na nyuzi 22 katika kichupa chembamba, joto likitoroka kupitia kioo, ana nafasi ya kubaki chini ya 32. Anayeanza na 30 hana nafasi kabisa. Minyororo itavuka mpaka huku bado inafungwa, itajikunja na kujikusanya vibonge vibonge, na kiunganishi kitaifunga katika hali hiyohiyo.

Nilitaka kuliona hilo kwa macho, kwa hiyo niligawa mchanganyiko mmoja mara mbili. Nusu niliiacha mezani, nusu niliizamisha kwenye barafu. Ya mezani iliganda ndani ya dakika chache ikiwa nyeupe kama tui la kwanza, na hata nilipoiweka kwenye friji usiku kucha haikurudi kuwa angavu. Ya barafuni ilichelewa sana, lakini asubuhi ilikuwa angavu kiasi kwamba niliweza kusoma maandishi ya daftari kupitia humo.

Nisieleweke vibaya: ile nyeupe si takataka. Ina vinyweleo vikubwa, na wapo watafiti wanaopolimisha juu ya nyuzi 32 kwa makusudi, ili wapate jeli inayosinyaa haraka. Lakini ni jeli nyingine, dhaifu zaidi, na matokeo yake huwezi kuyalinganisha na ya jeli angavu. Mtu anayedhani anarudia utafiti wa wenzake kumbe ana jeli yenye vinyweleo atapoteza muda mwingi akitafuta sababu kwingine.

Kupata baridi ya kuaminika ndiko kulikonifundisha mengi. Maelekezo mengine husema chombo kizamishwe kwenye maji ya bomba. Fundi sanifu wetu, mzee ambaye amewalea wanafunzi wengi katika maabara ile, aliniangalia nikifungua koki akasema, "Mwanangu, maji ya saa nane mchana hayapozi kitu. Nenda soko la Feri ukaulize wauza samaki wanafanyaje." Nilikwenda. Wauza samaki wa Feri wanajua kutunza barafu kuliko sisi wa maabara: inasagwa, inashindiliwa ndani ya boksi la povu nyeupe, maji yanayoyeyuka yanatolewa kila mara, na mfuniko haufunguliwi ovyo. Nilinunua boksi la aina hiyo na barafu ya kutosha, na tangu hapo umeme ukikatika usiku jeli zangu hazina habari.

Jambo moja la kuangalia hapo ni kutoweka chumvi kwenye barafu. Chumvi itaishusha chini ya sifuri, maji ya myeyusho yatagandia ndani ya jeli na kuacha matundu, na utakuwa umetoka kwenye tatizo la joto ukaingia kwenye tatizo la baridi. Barafu tupu inatosha. Myeyusho wa monoma na ule wa kianzishi vyote vipoe kando kwanza, ndipo vikutane.

Kuosha nako nilikupanga kwa joto. Jeli ikishaganda ina monoma iliyobaki ndani, na ni lazima itoke. Kuiloweka tu mezani kwenye nyuzi 30 hakufai, kwa kuwa ikiwa karibu hivyo na mpaka haivimbi kikamilifu wala haisinyai, imekaa katikati tu. Nikawa naihamisha: usiku ndani ya friji ikinywa maji safi hadi ijae, asubuhi kwenye maji ya nyuzi 40 itapike yote, kisha maji mapya. Kila mzunguko unakamua uchafu. Ila isitupwe ghafla kwenye maji ya moto. Ngozi ya nje husinyaa kwanza, inafungia maji ndani, na jeli inatoka malengelenge. Niliipandisha polepole.

Kipimo cha kuvimba ni rahisi: uzito wa jeli iliyojaa ukitoa uzito wake mkavu, gawa kwa uzito mkavu. Shida ni kwamba beseni la maji la maabara nyingi lina hita tu, halina kipoza, hivyo haliwezi kwenda chini ya joto la chumba. Kwa vipimo vya nyuzi 20 na 25 nililisha beseni vipande vya barafu vilivyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, nikiacha hita ishindane navyo, na likatulia vizuri. Kati ya 30 na 35 nilikwenda kwa nusu nusu nyuzi, kwa kuwa habari yote iko hapo. Kwa nyuzi 20 jeli zangu zilibeba maji zaidi ya mara 10 ya uzito wake mkavu. Zilipofika 36 zilikuwa vidonge vidogo vyeupe vilivyokaza.

Hayo yote yalikuwa maandalizi. Nia yangu ilikuwa jeli ya kubebea dawa, itulie ikiwa dukani na iamke ikifika mwilini. Wajapani wametangulia mbali na polima hii: Teruo Okano na wenzake Tokyo waliipaka kwenye vyombo vya kuoteshea seli, ili seli zishike kwenye nyuzi 37 na kujibandua zikiwa tandiko zima chombo kinapopozwa, bila kimeng'enya cha kuzikata. Mwaka 2004 madaktari wa huko waliripoti kutumia matandiko ya namna hiyo, yaliyooteshwa kutoka utando wa ndani ya kinywa, kutengeneza konea (utando angavu wa mbele ya jicho) za wagonjwa. Nikisoma hayo huwa nasisimka. Lakini chombo kile kinaishi ndani ya kabati la nyuzi 37. Jeli yangu ingeishi kwenye rafu ya duka la dawa la Mbagala, kwenye nyuzi 31. Jeli ya 32 ingeachilia dawa yote kabla mgonjwa hajafika.

Kwa hiyo nilihamisha mpaka wenyewe. Ukichanganya NIPAM na monoma inayopenda maji zaidi, joto la mgeuko hupanda; ukichanganya na isiyopenda maji, hushuka. Nilichagua daimethili-akrilamidi, inayopenda maji zaidi, nikaiongeza kidogo kidogo hadi mgeuko ukasogea karibu na 36. Kuna gharama: kadiri unavyoongeza, mgeuko unapoteza ukali wake, na badala ya kusinyaa ghafla jeli inateremka taratibu kwa nyuzi kadhaa. Nilisimama pale nilipoona ukali uliobaki bado una maana.

Halafu kuna chumvi. Vipimo vya maji safi vinapendeza, lakini majimaji ya mwili yana chumvi, na chumvi hushusha mgeuko kwa nyuzi moja hadi mbili. Ukiridhika na 36 kwenye maji safi, mwilini utakuwa na 34 na ushei, na ule mwanya kati ya rafu na mwili utakuwa umepungua tena. Vipimo vyangu vyote vya mwisho nilivirudia kwenye bafa ya fosfeti yenye chumvi ya kiwango cha mwili, na kiasi cha daimethili-akrilamidi nikakipanga upya kwa kufuata hivyo.

Kwa sasa natumia rangi ya methilini bluu badala ya dawa, kwa sababu spektrofotometa, kifaa cha kupima rangi kwa mwanga, inaiona kwa urahisi. Kwenye nyuzi 31 rangi huvuja polepole. Kwenye 37 jeli hutema nyingi mara moja, kisha ngozi ya nje inakaza na kubana iliyobaki. Ninachofanyia kazi ni unene. Muda wa jeli kuitikia hukua kwa mraba wa ukubwa wake, hivyo kisahani chenye nusu ya unene kinapaswa kumaliza kazi kwa robo ya muda. Vibao vya kioo vya kumwagia jeli nyembamba zaidi nimeshavikata, na boksi la barafu limejaa.