Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Hita Katikati ya Baridi Kali

Saa 11 alfajiri. Simu inatangulia kengele. Ni mama mwenye mtoto mchanga, boila yake, mtambo wa gesi unaopasha maji ya kuipa nyumba joto, imezima tangu usiku wa manane na nyumba imepoa kama kisima. Kabla sijavaa viatu namuuliza mambo mawili. Unasikia harufu ya gesi? Hapana. Kuna bomba jembamba la plastiki linalotoka ukutani kwenda nje? Lipo, na lina barafu mdomoni.

Boila za siku hizi hupoza moshi wake mpaka mvuke uliomo ugeuke maji, na hapo ndipo zinapookoa gesi. Maji hayo hutoka kwa bomba lile dogo. Likiganda, maji yanarudi ndani na boila inajifunga yenyewe. Sikuona sababu ya mtoto kuendelea kukaa na baridi akinisubiri. Nikamwambia, "Mama, mwagia bomba maji ya vuguvugu, pole pole. Usitumie yanayochemka, plastiki iliyoganda itapasuka. Likizibuka, bonyeza kitufe cha kuwasha upya." Baada ya dakika ishirini akapiga tena, na nyuma ya sauti yake nikasikia boila ikinguruma. Nitapita kesho kulivalisha bomba hilo sponji nene.

Saa 2 asubuhi. Mzee mmoja ana hita ya hewa moto. Inawaka, sekunde chache inazima, inajaribu tena na tena, halafu inanyamaza. Kuna fundi alishamwambia mtambo umekufa, anunue mwingine. Jambo hili linaniuma sana kila nikilikuta, kwa sababu dalili hizo karibu kila mara zina maana nyingine.

Ndani ya moto kuna kijiti cha chuma. Moto wenyewe hupitisha umeme kidogo mno, unaopimwa kwa sehemu za milioni za ampea, na kwa umeme huo mtambo hujua kwamba gesi inaungua kweli. Kijiti kikifunikwa na utando, mtambo unadhani gesi inamwagika bila kuungua, basi unaifunga. Unafanya vema kabisa! Nilikifungua, nikakisugua kwa sufi laini ya chuma, nikakirudisha. Moto ukakaa.

"Ndiyo hicho tu, mwanangu?" mzee akauliza.

Hakikuwa hicho tu. Chujio la hewa lilikuwa limeziba kwa vumbi hadi limepinda. Hewa isipopita, chuma kinachobeba joto la moto kinachemka kupita kiasi, swichi ya usalama inakata, na feni inahangaika bila faida. Nilimwonyesha jinsi ya kulichomoa na kulitazama dhidi ya mwanga kila mwezi wakati wa baridi. Ukiona halipitishi mwanga, badilisha. Hakuna matengenezo ya bei nafuu kuliko hayo.

Saa 5. Hapa sikukaa kuangalia gharama. Simu ilisema "rejeta hazipati moto vizuri," yaani zile paneli za chuma ukutani zinazopitisha maji ya moto ya boila, lakini mlangoni mama wa nyumba akataja, kama jambo la pembeni, kwamba wote wanaumwa kichwa tangu juzi na wakitoka nje wanapata nafuu. Kipimo changu cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotokana na moto usioungua vizuri, kilianza kulia kabla sijafika sebuleni. Nikawatoa wote nje, nikazima boila na kufunga gesi, nikaacha milango na madirisha wazi, na tukaita huduma ya dharura iwapime. Ndege walikuwa wamejenga kiota ndani ya bomba la moshi, na moshi ulikuwa unarudi ndani.

Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, kwa hiyo mwili unakosa hewa huku mtu anavuta pumzi kama kawaida, akidhani ana mafua. Nawasihi: kabla ya kutafuta namna ya kupunguza bili, wekeni king'ora cha kaboni monoksidi karibu na vyumba vya kulala. Na msizibe kamwe tundu la hewa lililowekwa kwa ajili ya mtambo unaochoma kuni, gesi au mafuta, hata kama linaingiza baridi.

Saa 8 mchana. Dada mmoja anataka boila kubwa zaidi kwa sababu vyumba vya juu havipati joto na bili inapanda. Nikapita nikigusa rejeta moja moja kwa kiganja. Ya kwanza ni baridi juu, moto chini: kuna hewa ndani. Nikaifungua kwa ufunguo wake mdogo mpaka ikaacha kufoka na maji yakatoka, kisha nikarudisha presha ya mfumo ukiwa umepoa karibu na baa 1.5. (Ingekuwa baridi chini na moto juu, hilo ni tope, na tope ni kazi ya kuosha.) Za karibu na boila zilikuwa zinanyonya maji yote ya moto, nikazibana vali zake kidogo ili za juu zipate fungu lao.

Halafu boila yenyewe. Ilikuwa imewekwa nyuzi 80. Maji yakirudi yakiwa bado na zaidi ya nyuzi 55 hivi, ule mvuke haugeuki maji, na joto lake linatoka nje kwa bomba la moshi. Nikashusha maji ya rejeta hadi 60. Tangi la maji ya kuogea nililiacha kwenye 60, kwa sababu joto hilo huua bakteria hatari wanaozaliana kwenye maji ya vuguvugu. Mwisho nikawasha kijiti chenye moshi chini ya mfuniko wa darini: moshi ukavutwa juu kama umeitwa, maana yake joto la nyumba lilikuwa linatorokea hapo. Utepe wa sponji pembeni mwa mfuniko, kochi kusogezwa mbali na rejeta, na boila kubwa haikuhitajika tena.

Saa 11 jioni. Jirani yake ana pampu ya joto, mtambo unaovuta joto kutoka hewa ya nje. Inatoa mvuke na anaogopa inaungua. Ilikuwa inayeyusha barafu yake tu, kama inavyopaswa. Dakika kumi.

Saa 2 usiku. Nabadilisha betri za kipimo changu. Simu inaita, ni yule dada wa mchana. "Kaka, nimegusa ya chumba cha watoto. Ina moto mpaka juu."