Ruta yangu inaishi juu ya mlingoti

Watu wanne walinishauri kuhusu intaneti ya nyumbani, na watatu kati yao waliniambia ninunue kitu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nyumba yangu iko wapi.

Iko Uyole, Mbeya, bondeni kidogo ukishaacha barabara ya Tukuyu, na kati yetu na mnara kuna kilima kilichojaa miti ya milingoti. Pale sebuleni video ya dakika tano ilikuwa inamalizika maharage yameshaiva. Wa kwanza akasema niongeze bando. Bando ni ujazo tu. Kama mawimbi hayafiki, unalipia maji ambayo bomba lake limeziba. Wa pili, muuza duka mmoja mjini, alinishikisha ruta (kile kisanduku cha kupokea na kusambaza intaneti) ya 5G ya laki kadhaa wakati mtaani kwetu hata 4G inachechemea. Wa tatu aliniuzia kibandiko cha dhahabu cha kubandika nyuma ya simu, elfu tano. Hicho naomba mtu yeyote asikinunue, hakifanyi chochote. Wa nne akasema nihamie mjini.

Nikaamua kupima. Kwenye simu nyingi za Android ukiingia mipangilio, kuhusu simu, kisha hali ya laini, utakuta nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa namba hasi, kwa mfano -116 dBm. Achana na vile vijiti vya juu ya kioo, kila mtengenezaji wa simu anavichora anavyotaka. Namba ndiyo yenye habari.

Kazi ya kupima nilimpa mpwa wangu wa darasa la saba. Daftari lake la TEHAMA nilikuwa nimeliona: maana ya kompyuta, sehemu za kompyuta, na kipanya kilichochorwa vizuri na kupakwa rangi. Kipanya chenyewe hajawahi kukishika shuleni. Jambo hili linaniuma kweli, kwa sababu huyu mtoto ana akili ya kupekua, na tunamlisha maana za kukariri.

Swali lake la kwanza lilikuwa zuri. "Mjomba, mia na kumi na sita si ndiyo kubwa?" Nikamwambia afikirie deni la dukani. Anayedaiwa 116 na anayedaiwa 86, nani ana nafuu? Akaelewa hapo hapo, akazunguka na simu na daftari mpaka giza likaingia. Sebuleni -116. Mlangoni -109. Kona ya jiko la nje -103. Nikapanda juu ya paa nikamsomea -97. Kumbe bati lenyewe lilikuwa linatuzuia. Kisha tukafunga simu kwenye nguzo ya mlingoti ya mita sita, tukaisimamisha, tukaisoma kwa kuiunganisha na simu nyingine: -86.

Nikamweleza kwamba kila ukipanda 3, nguvu inakaribia kuwa mara mbili. Tofauti yetu ilikuwa 30, yaani kuongeza maradufu mara kumi. Akakaa kwenye ngazi akaandika 2, 4, 8, 16, akaendelea mpaka 1,024. "Mara elfu?" Ndiyo, mara elfu, kwa nguzo iliyokatwa shambani. Na hiyo 1,024 nikamwambia aishike, atakutana nayo tena kwenye kompyuta.

Hapo ndipo nilipoharibu hela. Nilinunua antena mbili za nje na mita ishirini za waya mwembamba mweusi, nikafunga antena juu ya nguzo, ruta nikaiacha sebuleni. Kama elfu sabini hivi. Ruta ikasoma -108. Nilikagua viungio, nikageuza antena kila upande, nikalala nimekasirika. Asubuhi mpwa wangu akalishika daftari: "Mjomba, juu ni themanini na sita. Hizo nyingine zimeliwa na waya." Alikuwa sahihi. Kwenye masafa ya megahezi 1,800 waya mwembamba unakula mawimbi kila mita, na mita ishirini zilikuwa zimekula karibu chote nilichokipata kwa kupanda.

Basi kama mawimbi hayapendi waya mrefu, ruta yenyewe ipande. Waya wa intaneti, ule unaotoka kwenye ruta kwenda kwenye kompyuta, hauna tatizo hilo, mita ishirini kwake si kitu. Shida ilikuwa umeme wa huko juu, na hapa ndipo ninapojivunia. Ule waya una nyuzi nane, lakini kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde zinazofanya kazi ni nne tu, za rangi ya chungwa na kijani. Za bluu na kahawia zinakaa bure. Nikazipa kazi ya kupeleka umeme.

Mara ya kwanza nilipeleka volti 12 moja kwa moja. Ruta ikawa inawaka, ikianza kutafuta mtandao inazima, inawaka tena. Nikapanda na mita ya kupimia: kule juu zilikuwa zinafika kumi na kidogo. Nyingine zilipotelea njiani. Nikachukua chaji ya laptopu iliyokufa, yenye volti 19, nikapeleka hizo, na kule juu nikaweka kibao kidogo cha saketi cha kushusha volti, cha elfu chache tu kwa wauza vipuri vya redio. Kirekebishe kitoe 12 kwanza kabla hujachomeka ruta, tafadhali, usije ukaiunguza. Tangu siku hiyo haijazima yenyewe.

Vyote vimekaa ndani ya ndoo nyeupe ya plastiki iliyogeuzwa kichwa chini, mfuniko una matundu ili umande wa Juni utoke. Plastiki inapitisha mawimbi, bati halipitishi. Masika radi zikianza kule milima ya Uporoto nachomoa umeme na waya wa intaneti, sisubiri.

Kasi ya intaneti ilikuwa megabiti moja kwa sekunde, siku nyingine haifiki. Sasa napata kumi na nane, jioni kumi na mbili.

Laptopu ya mtoto ni ya mtumba. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi nzima zisizokubali toleo jipya zinauzwa rahisi. Nikaweka Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, Scratch, programu ya kujifunzia kuunda programu ambayo paka wake hufuata unachomwagiza na ina menyu za Kiswahili, na Kiwix, ya kusomea bila intaneti, yenye Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya diski, inasomeka hata bando likiisha. Kuna aliyenishauri nimnunulie tableti. Tableti ni ya kutazamia. Mtoto anayetaka kutengeneza kitu anahitaji kibodi.

Kitu cha kwanza alichotengeneza ni kikokotoo: unaingiza vipimo viwili vya dBm, paka anakwambia nguvu imeongezeka mara ngapi. Sikumsaidia hata mstari mmoja.

Jumamosi iliyopita jirani wa chini yetu alimtuma kijana wake na simu. Kwao sebuleni ni -121. Mpwa wangu alishamtangulia mlangoni, daftari kwapani, anamuuliza kama wana ngazi.